Barua ya wazi kwa wakurugenzi wetu: tuonyesheni hesabu ya bima ya matibabu

Kwa: Mwenyekiti na Halmashauri ya Wakurugenzi
Eneo la Viwanda, Nakuru

Nakala: Meneja wa Wafanyakazi, Mhasibu Mkuu, Ofisi ya Kazi, Nakuru

MINT: MAKATO YA SHILINGI 2,400 KILA MWEZI KWA BIMA YA MATIBABU

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Jina la kampuni tumeliacha nje kwa makusudi. Nyinyi mnajijua, nasi hatutaki kuharibu biashara inayotulisha. Tumelileta jambo hili hadharani kwa sababu milango ya ndani imefungwa. Barua zetu kwa idara ya wafanyakazi hupokelewa, hugongwa muhuri, kisha kimya. Tukiuliza mkutanoni tunaambiwa tungoje mkataba wa bima ufanywe upya, na ukishafanywa upya tunaambiwa umekwisha kutiwa saini, tungoje mwaka ujao.

Mgala muue na haki yake mpe. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwajiri wa kampuni binafsi kununua bima ya matibabu juu ya ile ya serikali, na tunajua kuna wenzetu katika mji huu huu ambao hawana kitu zaidi ya hiyo ya serikali, yaani SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii). Kwa hilo tunashukuru. Lakini pesa zikishatoka kwenye mshahara wa mtu, bima hiyo si zawadi tena. Ni mchango, na anayechanga ana haki ya kuona daftari.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kiwango ni kimoja, mishahara si mmoja, na bima yenyewe si moja.

Kila mfanyakazi anakatwa shilingi 2,400 kwa mwezi. Kwa mwenzetu wa ghalani anayelipwa 26,000, hiyo ni asilimia 9.2 ya mshahara wake wa jumla. Kwa fundi wa 45,000 ni asilimia 5.3. Kwa meneja wa 180,000 ni asilimia 1.3. Kadiri mtu anavyopata kidogo, ndivyo bima inavyomla zaidi.

Hebu tuifuate slipu ya huyo wa 26,000 mstari kwa mstari. NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 6: 1,560. SHIF (mchango wa bima ya afya ya serikali, unaokwenda SHA), asilimia 2.75: 715. Ushuru wa nyumba (tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu), asilimia 1.5: 390. Kodi ya PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) haipo, kwa sababu 23,335 zinazobaki zikitozwa asilimia 10 zinatoa 2,333.50, na nafuu ya kodi ya 2,400 ambayo kila mtu hupewa kwa mwezi inaifuta yote. Kwa hiyo serikali yenyewe imemtazama mtu huyu na kuona hana cha kutozwa kodi ya mapato. Kisha kampuni inamkata 2,400, anabaki na 20,935, kabla ya sako (chama cha akiba na mikopo), kodi ya nyumba Kaptembwo au Rhonda, na nauli.

Zaidi ya hapo kuna suala la madaraja. Meneja wa daraja A ana kikomo cha kulazwa cha shilingi 3,000,000 na cha matibabu ya nje cha 150,000. Mfanyakazi wa daraja C ana 500,000 za kulazwa na 50,000 za matibabu ya nje, kwa familia nzima. Yeyote aliyewahi kuona jinsi bima inavyopigwa bei anajua kwamba kikomo kikubwa hununuliwa kwa ada kubwa. Ikiwa wote wanachanga 2,400, basi ama kampuni inamlipia meneja tofauti yote kutoka mfukoni mwake, ama mfanyakazi wa chini anamsaidia meneja kulipa. Hatujui ni lipi kati ya hayo mawili, na ndiyo sababu ya malalamiko ya nne hapa chini.

Kuna wenzetu wasio na familia wanaolalamika kwamba wanachanga sawa na mtu mwenye mke na watoto watatu. Hilo halitusumbui sana. Bima ndivyo ilivyo: mwenye afya humbeba mgonjwa, na asiye na watoto leo huenda kesho akawa nao. Lisilovumilika ni mnyonge kumbeba mwenye nguvu.

2. SHA si sababu ya nyongeza hii.

Makato ya bima ya kampuni yalipopandishwa kutoka 1,500 hadi 2,400, yaani asilimia 60, maelezo pekee tuliyopewa yalikuwa kwamba "makato ya afya yamepanda nchini kote kwa sababu ya SHA". Hayo ni mambo mawili yaliyotiwa katika chungu kimoja.

SHIF ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, kwa asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla, isipungue 300 kwa mwezi, na haina kikomo cha juu. Ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, iliyokuwa na viwango vya ngazi kuanzia 150 hadi 1,700. Mwenye 26,000 alikuwa akilipa NHIF 850. Sasa analipa 715. Wa 45,000 alikuwa akilipa 1,100, sasa 1,237.50. Wa 180,000 alikuwa akilipa 1,700, sasa 4,950. Maumivu ya SHA yako juu. Mfanyakazi wa chini kabisa alipunguziwa shilingi 135, nanyi mkamwongezea 900.

Na kumbukeni kwamba katika SHIF mwajiri hachangii hata senti. Kwenye NSSF mnaweka asilimia 6 sambamba na zetu, kwenye ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwenye SHIF kazi yenu ni kukata na kupeleka tu. Kwa hiyo SHA haikuwaongezea gharama yoyote ambayo ingewabidi kutusukumia.

3. Hakuna aliyetia saini ya 2,400.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Makato kama haya, yasiyotokana na sheria, mkataba wa pamoja au amri ya mahakama, yanahitaji ombi la maandishi la mfanyakazi, tena yawe makato ambayo mwajiri hana manufaa nayo, ya moja kwa moja wala ya kuzunguka. Fomu tuliyojaza tulipoajiriwa inasema "nakubali kukatwa mchango wa bima ya matibabu". Haitaji kiasi. Hatuamini kwamba karatasi isiyo na kiasi ni ruhusa ya kukata kiasi chochote milele. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinataka mabadiliko ya masharti yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na ajulishwe kwa maandishi. Tangazo kwenye ubao karibu na lango si mashauriano.

Kifungu cha 19 pia kinakataza makato yote pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Wachache wetu wamefika hapo, lakini sako nazo hutumia kipimo hicho hicho kabla ya kutoa mkopo, na shilingi 900 zilizoongezwa ziliwafungia watu mlango wa mkopo wa karo.

4. Hatujui ada yote ni kiasi gani.

Tunaambiwa kampuni inalipa asilimia 60 na wafanyakazi asilimia 40. Tufanye hesabu. Tuko 240 kwenye bima. Mara 2,400, ni 576,000 kwa mwezi, yaani 6,912,000 kwa mwaka. Ikiwa hiyo ni asilimia 40, ada yote ni 17,280,000, sawa na 72,000 kwa kila mfanyakazi na familia yake. Sehemu ya kampuni ingekuwa 10,368,000.

Je, ndivyo ilivyo? Jibu lipo kwenye karatasi moja: ankara ambayo kampuni ya bima au dalali wake huleta kila mkataba unapoanza. Ina idadi ya wanachama kwa kila daraja na ukubwa wa familia (mfanyakazi peke yake, na mmoja, na wawili, kuendelea), bei ya kila kundi, jumla, halafu tozo: asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwa ada ya 17,280,000, tozo hizo zote ni 77,800. Mtu akiishika karatasi hiyo kwa dakika tano atajua kama 40 kwa 60 ni kweli au ni maneno.

Ikiwa ada yote ni 12,000,000, kwa mfano, basi sisi tunalipa zaidi ya nusu. Hatusemi ndivyo. Tunasema hatuwezi kujua, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Pamoja na ankara, kuna ripoti ya matumizi ambayo kampuni ya bima huitoa kabla ya kupandisha bei: madai yaliyolipwa yakigawanywa kwa ada iliyolipwa. Ndiyo inayotumiwa kutuambia kwamba "mnaugua sana". Tunaiomba hiyo pia, bila majina ya wagonjwa wala magonjwa yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za afya za mtu, na tunataka zilindwe. Lakini jumla ya madai ya kulazwa, ya matibabu ya nje, ya meno na ya miwani haina siri ya mtu yeyote ndani yake. Tukiiona tutajua pa kubana. Kama tatizo ni watu wanaoazimana kadi, basi alama ya kidole ikaguliwe kila mara na mhusika aadhibiwe. Sisi wenyewe tutasaidia. Kama tatizo ni hospitali inayotoza vipimo visivyohitajika kila anayeingia, basi iondolewe kwenye orodha. Kupandishia watu wote kwa sababu ambayo haijatajwa hakutibu lolote kati ya hayo.

5. Nafuu ya kodi inapotea, na hakuna anayeipata.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ni pesa ambazo kampuni ingeturudishia bila kutoa hata shilingi moja yake.

Sheria ya Kodi ya Mapato inampa mtu anayelipa ada ya bima ya afya nafuu ya asilimia 15 ya ada hiyo, isizidi 60,000 kwa mwaka. Nafuu hii haipunguzi mapato yanayotozwa; inapunguza kodi yenyewe. Haipaswi kuchanganywa na SHIF. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 SHIF na ushuru wa nyumba huondolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa, na ile nafuu ya asilimia 15 ya mchango wa bima ya serikali ikaisha. Ya bima ya kibinafsi ya afya haikuguswa. Tunashuku kwamba ofisi ya mishahara, ilipofuta mstari mmoja kwenye programu yake, ilifuta yote miwili.

Kwa fundi wa 45,000 hesabu ni hii. Toa NSSF 2,700, SHIF 1,237.50 na ushuru wa nyumba 675. Kinachotozwa ni 40,387.50. Kodi yake ni 6,899.60, na ikiondolewa nafuu ya kila mtu ya 2,400 inabaki 4,499.60. Asilimia 15 ya mchango wake wa 2,400 ni 360. PAYE yake ingepaswa kuwa 4,139.60. Kwa mwaka ni 4,320 ambazo hazirudi. Huo ni karibu mchango wa miezi miwili.

Ili nafuu hiyo ionekane, kampuni ya bima inatakiwa kutoa cheti kinachoonyesha nambari ya bima, PIN ya kampuni ya bima na ada iliyolipwa, na ofisi ya mishahara ithibitishe ni kiasi gani kati ya ada hiyo kilitoka kwa mfanyakazi. Kisha inaingizwa kwenye hesabu ya kila mwezi. Mwezi ukipita bila kuingizwa, mfanyakazi mwenyewe anaweza kuidai anapojaza ritani kwenye iTax, tovuti ya kodi, kabla ya tarehe 30 Juni, kwenye ukurasa wa nafuu ya bima. Bila cheti hawezi. Na hicho cheti hatujawahi kupewa.

Kuna mambo mawili ambayo ni lazima tuyaseme ili tusije tukadanganya wenzetu. La kwanza, mwenye 26,000 hapati chochote hapa, kwa sababu halipi PAYE ya kupunguzwa. Nafuu hii haimfikii kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpunguzia mchango wenyewe. La pili, nafuu hutolewa kwa ada ya bima. Ikiwa mpango wetu si bima bali ni mfuko wa kampuni unaosimamiwa na wakala, ambapo kampuni inalipa bili zenyewe na wakala anachukua ada ya usimamizi, basi hakuna ada ya bima na hakuna nafuu. Kadi za mipango hiyo miwili hufanana. Tuambieni tuko wapi, maana katika mfuko kuna swali jingine kubwa zaidi: pesa zinazobaki mwisho wa mwaka ni za nani?

6. SHIF yetu inachelewa, na bima ya kampuni inatuadhibu kwa hilo.

Sheria inataka SHIF iliyokatwa iwe imefika SHA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Yetu hufika baadaye mara kwa mara. Mfanyakazi akibonyeza *147#, nambari ya simu ya SHA, anaona mwenyewe kwamba malipo yake hayajasomwa. Kwenye slipu imekatwa, kwenye SHA haipo.

Mtu anaweza kudhani kwamba mwenye kadi ya kampuni hana haja ya kujali. Ana haja sana. Bima yetu ina sharti ambalo wengi hulijua siku ya kutoka hospitalini: kwa aliyelazwa, SHA hulipa kwanza na kampuni ya bima hulipa kilichobaki. Kama SHA ya mgonjwa haiko hai siku hiyo, kampuni ya bima bado inaondoa sehemu ya SHA kwenye bili kana kwamba imelipwa. Pengo hilo linamwangukia mgonjwa, taslimu, ndipo aruhusiwe kwenda nyumbani.

Kwa viwango vya SHA vilivyotangazwa, pengo si dogo. Kulala hospitali ya ngazi ya nne ni 3,360 kwa siku, kwa hiyo siku nne ni 13,440. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kusafishwa damu kwa mwenye maradhi ya figo ni 10,650 kila kikao, na wagonjwa wengi huenda mara mbili kwa wiki. Mfanyakazi aliyekatwa 715 na 2,400 mwezi huo huo anaambiwa aende kuchangisha 30,000 kwa sababu mtu ofisini alituma pesa tarehe 20 badala ya 9.

Kuna kosa jingine, dogo lakini la kudumu. Nambari ya kitambulisho ikiandikwa vibaya kwenye orodha ya malipo, au mfanyakazi akiwa hajasajiliwa SHA, pesa huondoka kwenye kampuni na haziingii kwa jina lake. Hakuna anayejua mpaka augue. Dawa ni rahisi: orodha ya malipo ilinganishwe na majina yaliyopokelewa kila mwezi, na wasiosomwa waitwe siku hiyo hiyo. Wenzetu nao wahakikishe mke, mume na watoto wamesajiliwa chini yao, kwa kuwa bima ya kampuni humwondolea sehemu ya SHA mtoto kama inavyomwondolea mzazi wake.

7. Wanaoingia na wanaotoka.

Mfanyakazi mpya hukatwa tangu mshahara wa kwanza, lakini kadi huja baada ya majaribio ya miezi mitatu. Hiyo ni 7,200 ya bima ambayo haikuwapo. Anayeondoka katikati ya mwaka hufungiwa kadi siku anayoondoka, na kwa kawaida kampuni ya bima hurejesha ada ya miezi iliyobaki kwa mwanachama aliyeondolewa ambaye hakuwa ametumia. Marejesho hayo huenda kwa kampuni. Sehemu yake ni ya yule aliyeondoka.

8. Matibabu ya nje.

Kikomo cha 50,000 kwa familia nzima huisha kabla ya mwaka kuisha kwa wenye watoto wadogo au mtu wa presha na sukari nyumbani. Kikishaisha, makato yanaendelea kama kawaida. Hospitali nyingi zilizo kwenye orodha ziko katikati ya mji, ilhali watu wetu wanaishi hadi Njoro, Bahati na Lanet. Mtoto akipandwa na homa saa tatu usiku, nauli ya kumfikisha kwenye kadi inazidi bei ya dawa zahanati ya karibu. Hapa hatudai makubwa: ongezeni zahanati mbili au tatu nje ya mji.

Tunajua majibu yatakayokuja.

Mtasema bima ni hiari, asiyetaka ajitoe. Fomu ya kujitoa haipo, na aliyeuliza aliambiwa kampuni ya bima haikubali kundi lisilo kamili. Hilo tunalielewa. Bima ya kundi hupoteza bei nzuri ikiwa wenye afya watatoka na wagonjwa wabaki. Lakini basi msiiite hiari.

Mtasema ankara ni siri ya biashara. Bei ya kununua ngano ni siri ya biashara. Ada ambayo sisi wenyewe tunalipa sehemu yake si siri dhidi yetu.

Mtasema kampuni inaumia pia. Huenda. Ila sehemu ya kampuni huhesabiwa kama gharama kabla ya kodi ya kampuni ya asilimia 30. Kama kweli mnalipa 10,368,000, basi 3,110,400 ya hizo ni kodi ambayo mngelipa vinginevyo.

Na mtasema mchango wa asilimia utawafukuza mameneja. Hapo mna hoja, kwa hiyo tumeipigia hesabu. Mishahara ya watu 240, kwa wastani wa makundi tunayoyajua, ni kama 9,580,000 kwa mwezi. Asilimia 6 yake ni 574,800, pungufu ya 1,200 tu kutoka kinachokusanywa sasa. Mwenye 26,000 atalipa 1,560. Wa 40,000 atabaki pale pale kwenye 2,400. Wa 45,000 atalipa 2,700. Lakini wa 180,000 atalipa 10,800, yaani 129,600 kwa mwaka, na kwa pesa hizo atakwenda kujinunulia bima yake. Kwa hiyo tunapendekeza kikomo cha 6,000. Wakubwa wanane wakilipa 6,000 badala ya wastani wa 10,800, pengo ni 38,400. Pamoja na ile 1,200 ni 39,600 kwa mwezi, au 475,200 kwa mwaka. Hicho ndicho kiasi tunachoiomba kampuni iongeze. Ni chini ya asilimia 5 ya kile mnachosema mnalipa tayari.

Kuna njia ya pili, na kwetu ndiyo bora. Ada ambayo mwajiri anamlipia mfanyakazi wa kudumu kwa kampuni ya bima haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi, kwa hiyo haitozwi kodi. Mshahara hutozwa. Ili fundi wa 45,000 abaki na 2,400 mkononi, baada ya NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE ya asilimia 30, inabidi aongezwe takriban 3,820. Nanyi juu yake mnaongeza NSSF na ushuru wa nyumba wenu, jumla kama 4,100. (NSSF ni akiba yake, ni kweli, lakini hailipi bili ya leo.) Kampuni ikilipa ile 2,400 moja kwa moja, inatoa 2,400. Mazungumzo ya mishahara yakifika, tuko tayari kujadili nyongeza ndogo zaidi kwa badala ya kampuni kuchukua mchango wote wa bima kwa wanaolipwa chini ya 40,000. Leteni mhasibu wenu, tuketi naye.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Ankara ya bima ya mwaka huu na wa jana, pamoja na ripoti ya matumizi isiyo na majina, zikabidhiwe kamati yetu ndani ya siku 14.

(b) Maelezo ya maandishi kama mpango huu ni bima au mfuko.

(c) Mchango wa asilimia 6 wenye kikomo cha 6,000 uanze mkataba utakapofanywa upya, au njia ya pili hapo juu. Mabadiliko yoyote ya baadaye yawe na saini ya mfanyakazi na kiasi kiandikwe.

(d) Cheti cha ada kwa kila mfanyakazi kufikia mwisho wa Machi kila mwaka, na nafuu ya asilimia 15 iingizwe kwenye mishahara kuanzia mwezi ujao.

(e) SHIF ipelekwe kufikia tarehe 9, na uthibitisho ubandikwe ubaoni tarehe 10. Mfanyakazi aliyelipa pengo la SHA kwa sababu ya kampuni kuchelewa arudishiwe pesa zake akileta risiti.

(f) Makato ya miezi ya majaribio yarejeshwe, au kadi itolewe siku makato yanapoanza. Marejesho ya wanaoondoka yalipwe pamoja na mshahara wao wa mwisho.

(g) Wafanyakazi wawili waliochaguliwa na wenzao wawepo bei za kampuni za bima zinapofunguliwa na kulinganishwa.

Siku 14 zikipita bila jibu la maandishi, tutapeleka suala la makato, yaani malalamiko ya tatu, ya sita na ya saba, kwa afisa wa kazi hapa Nakuru, tukiwa na slipu za mshahara na picha za majibu ya *147#. Mengine tutaendelea kuyazungumza nanyi. Jibu linaweza kuachwa kwa karani wa zamu kwenye lango la pili. Wajumbe wetu hupita hapo kila asubuhi.

Wenu watiifu,

Kamati ya Wafanyakazi kuhusu Bima ya Matibabu
Nakuru